UZI: Sabufa ya gari haipigi? Kabla hujaenda kununua kubwa zaidi pitia hapa kwanza

#1 mdundo_ist (mleta mada)

Habari zenu wakuu. Uzi utakua mrefu kidogo, naomba mnivumilie, maana hiki kitu kimenichukua miezi kama minne na hela ambayo sikupanga kuitumia, na kila siku naona humu watu wanauliza "sabufa yangu haina besi ninunue ipi" halafu majibu yote ni chukua 15, chukua mbili, chukua ampu (amplifaya) kubwa. Mimi nimefika sehemu naamini kwa dhati kwamba watu wengi humu sabufa waliyonayo inatosha kabisa, ila haijawahi kupewa nafasi ya kupiga.

Gari ni Toyota IST. Nilichukua sabufa ya inchi 12 koili mbili za om 4 (kipimo cha ukinzani wa umeme) kila moja, RMS (nguvu inayobeba mfululizo) wati 400, na ampu ya chaneli moja ya daraja D, ile aina isiyopoteza umeme mwingi. Boksi nilinunua lililo tayari palepale dukani, lile la kapeti jeusi lenye bomba moja, fundi akafunga siku hiyo hiyo nikalipa nikaondoka. Nikiwa nje ya duka buti wazi nikaona iko poa. Nimefika barabarani nimefunga vioo, hamna kitu. Kuna mlio fulani wa "bom bom" wa juu juu, nyimbo zote zinafanana, nikiongeza sauti inaanza kukwaruza. Amapiano, zile besi za log dram za chini kabisa hazisikiki, zinapita tu kama mtu anagonga mlango wa jirani.

Wazo la kwanza likawa hili la kila mtu, nikabadilishe nichukue kubwa. Ila kabla sijauza nikaazima multimita (kifaa cha kupima umeme) kwa ndugu yangu mmoja nikaanza kupima kitu kimoja kimoja. Nilichokikuta ndio nakileta hapa.

Kwanza koili. Fundi alikua ameziunganisha kwa kufuatana, yani 4 na 4 ikawa om 8. Ampu yangu kwenye karatasi yake inatoa wati 300 kwa om 4 na 500 kwa om 2, sasa ukiiwekea om 8 inabaki kama wati 150 hivi. Nimelipia mashine ya wati 500 natumia chini ya theluthi! Nikazigeuza zikae sambamba, chanya na chanya, hasi na hasi, ikawa om 2. Angalizo, usifanye hivi kama ampu yako haijaandikwa kwamba inaruhusu om 2, utaiunguza.

Sasa hapo ndio tatizo la pili likajitokeza maana mwanzoni lilikua limejificha. Mzigo ulivyoongezeka taa za mbele zikaanza kufifia kila mdundo ukipiga. Kila mtu niliyemuuliza akasema betri, mwingine alteneta, mwingine nikaweke kapasita. Nikapima betri gari ikiwa imewashwa na mziki unapiga, 13.7. Nikaenda nyuma kupima kwenye terminali za ampu yenyewe, 11.4. Volti 2.3 zinapotelea njiani!! Betri iko salama, alteneta iko salama, umeme haufiki tu.

Kuna namna ya kujua unapotelea wapi na hii nimeipenda sana. Chukua waya mrefu wowote, mkono mmoja wa multimita ugusishe chanya ya betri na mwingine chanya ya ampu, mziki ukiwa unapiga. Namba utakayoona ndio volti zinazoliwa na waya mwekundu. Halafu fanya hivyo hivyo hasi ya betri na hasi ya ampu. Kwangu waya mwekundu ulikula 0.8, ethi (waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi ya gari) ikala 1.5. Yani mchawi mkubwa alikua ethi, fundi aliibana kwenye bolti ya mkanda wa siti juu ya rangi. Rangi haipitishi umeme vizuri, hata ukaze vipi. Nikatafuta sehemu ya bodi karibu na ampu nikapiga msasa mpaka chuma kikang'aa, nikafunga lagi (kile kichwa cha chuma cha waya) kwa bolti na nati, juu nikapaka grisi kisishike kutu. Waya mwekundu nao nikaukata niuone ndani, ni alumini iliyopakwa shaba juu tu, plastiki nene waya wenyewe mwembamba. Nikaweka waya wa shaba halisi geji 4 (kipimo cha unene wa waya), na ethi geji hiyo hiyo. Nimepima tena, jumla inapotea 0.3 basi. Taa zimetulia mpaka leo na betri ni ile ile.

Ntaendelea na boksi, ndio penyewe hasa.

#2 mwana_singeli

Mkuu endelea tuko hapa. Swali la haraka, wewe unasema kapasita sio dawa? Mimi nimeshawekewa ya farad 1 na fundi akaniapia.

#3 mdundo_ist

Kaka kapasita ya farad 1 ikishuka kutoka volti 14 mpaka 12 inatoa joule 26 tu. Ampu ya wati 500 inakula angalau joule 500 kila sekunde, kwahiyo hiyo kapasita inakusaidia kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, kama moja ya ishirini hivi, halafu inageuka na yenyewe inadai umeme ijazwe. Sisemi uitoe kama ipo, ila kama taa zinafifia tafuta chanzo. Pima kama nilivyoeleza, ukikuta betri yenyewe inashuka chini ya 13 gari ikiwa inaunguruma na mziki unapiga hapo ndio uanze kuongelea alteneta.

#4 dada_probox

Jamani mimi sielewi hizi wati. Sabufa yangu imeandikwa 1800W na ampu 2500W na bado haipigi. Nimeibiwa?

#5 mdundo_ist

Dada yangu hizo namba kubwa za kwenye kava zisikuumize kichwa, wanaandika kilele, yani kiasi ambacho labda ingetoa kwa kufumba na kufumbua. Tafuta palipoandikwa RMS. Kama hamna, angalia fyuzi zilizochomekwa kwenye ampu, fyuzi haidanganyi kirahisi. Jumlisha ampia zake, zidisha kwa 13.8, halafu chukua asilimia 80 kama ni daraja D au 50 kama ni zile za zamani za AB zenye mabati ya kupooza makubwa. Yangu ina fyuzi mbili za 25, jumla 50, mara 13.8 ni 690, asilimia 80 yake kama 550. Na karatasi inasema 500, kwahiyo inaingia akilini. Hiyo ya 2500W ungetegemea ikae na fyuzi za zaidi ya ampia 200. Hebu kaangalie ya kwako utuambie.

#6 dada_probox

Nimetoka kuangalia. Fyuzi moja ya 30.

#7 mdundo_ist

Basi hiyo ni kama wati 330 kwa juu kabisa, kama ni daraja D. Na usivunjike moyo hata kidogo, wati 330 za kweli ndani ya Probox kwenye boksi zuri zinatikisa vioo. Ukizidisha wati mara mbili unapata desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 3 tu, sikio linaona imepanda kidogo. Ili sikio liseme sauti imekua mara mbili unahitaji kama desibeli 10, hizo ni wati mara kumi. Ndio maana kukimbilia wati ni njia ghali kuliko zote, boksi ni mbao na gundi.

#8 fundi_boksi_mwz

Naomba nichangie hapa kwenye boksi maana ndio kazi yangu, niko Mwanza. Mleta mada umeongea ukweli. Mteja anakuja na sabufa ya hela nyingi halafu boksi anataka la bei ya chini "si ni mbao tu". Boksi ndio nusu ya spika ndugu zangu. Sabufa inatoa hewa mbele na nyuma kwa wakati mmoja, mbele inasukuma nyuma inavuta, ukiiacha wazi zile hewa mbili zinakutana zinauana, besi hamna. Boksi kazi yake ni kuizuia ile ya nyuma, au kwenye boksi la tundu (lenye bomba au mfereji wa hewa) kuigeuza itoke ikiwa inasukuma pamoja na ya mbele.

Boksi lililozibwa kabisa la inchi 12 mara nyingi lita 28 hivi linatosha, besi yake kavu, inafata ngoma haraka. Mwenzetu wa singeli hapo juu hilo linamfaa sana, singeli inakimbia, midundo inafatana, boksi la tundu lililojengwa vibaya linavuta mkia mdundo unaingia juu ya mwenzie. Boksi la tundu linataka lita 50 mpaka 60 kwa inchi 12, linakupa sauti kubwa zaidi kwa wati zile zile hasa maeneo ya karibu na Hz (mitetemo kwa sekunde) unayolitegesha. Wengi tunategesha 32 mpaka 35.

Mbao tumia MDF ya mm 18, sio chipbodi. Kila kona gundi ya mbao na skrubu, halafu silikoni ndani pembe zote. Ukimaliza sukuma karatasi ya sabufa (ile koni inayocheza mbele) taratibu kwa vidole vilivyotawanyika, kwenye boksi lililozibwa ikirudi polepole hewa haivuji. Ikirudi fasta tafuta pa kuziba, mara nyingi ni kwenye plastiki ya terminali nyuma.

#9 mdundo_ist

Asante sana fundi, na hicho ndicho kilichonikuta. Nilipima lile boksi la dukani kwa ndani, 44 kwa 34 kwa 18, karibu lita 27, toa nafasi inayokaliwa na sumaku ya sabufa zinabaki 24. Hapo hapo wametoboa bomba la sentimita 7.5 lenye urefu wa 10. Nikapiga hesabu linaita wapi, karibu Hz 60! Kwahiyo kila wimbo ukifika 60 linapiga kelele "bom", chini ya hapo linakufa. Na kuna hatari nyingine hapo, kwenye boksi la tundu ukienda chini ya Hz ya tundu hewa ya ndani haiishikilii tena karatasi, inaruka ovyo kama haina boksi, koili inaweza kugonga nyuma. Ule mkwaruzo niliokua nasikia nahisi kabisa ndio ulikua huo.

Nikatengenezesha jipya. Ndani sentimita 33 kimo, 60 upana, 37.5 kina, hizo ni lita 74. Toa sumaku 3, toa mfereji wa tundu kama 11 na nusu, toa ubao wa mfereji wenyewe 4, inabaki 55 safi. Mfereji una upana wa sentimita 5, kimo chote 33, urefu karibu 70 umekunja kona nyuma ya boksi. Linaita kama 34. Wengi wanakosea hapo, wanapiga hesabu ya ndani yote wanasahau mfereji wenyewe unakula nafasi, unajikuta na lita 40 badala ya 55.

Ile siku nimelifunga nilikaa kwenye gari peke yangu nikarudia nyimbo nilizozizoea miaka yote. Kuna besi kwenye baadhi ya hizo nyimbo sikuwahi kujua kama zipo. Sabufa ni ile ile niliyotaka kuiuza wakuu, ile ile.

#10 mwana_singeli

Daah. Na settings je? Mimi fundi kaniweka geini mwisho kabisa na besi busti (kitufe cha kuongeza besi) mwisho, akasema ndio inatoa nguvu zote.

#11 mdundo_ist

Kaka nakuomba leo hii kaipunguze kabla hujaunguza koili. Geini sio sauti. Kazi yake ni kulinganisha umeme mdogo unaotoka kwenye redio na uwezo wa ampu, basi. Ukiipandisha kupita kiasi mawimbi yanakatwa vichwa, badala ya kupanda na kushuka kwa mviringo yanakua na juu bapa, ampu inatoa moto mwingi kuliko inavyotakiwa na koili inapikika. Ukianza kusikia harufu kama ya gundi inaungua, zima hapo hapo.

Na besi busti ndio mbaya zaidi. Ikiwa mwisho wake ni desibeli 12 ujue maeneo yale unaidai ampu nguvu mara 16. Haina. Irudishe sifuri uisahau.

Nilivyofanya mimi: nikachomoa waya wa sabufa kwenye ampu, redio nikaweka besi na trebo sifuri, loudness imezimwa, sauti robo tatu ya mwisho wake. Nikapiga toni ya Hz 50 ya sifuri dB (iliyorekodiwa kwa kiwango cha juu kabisa), zipo za kudownload bure. Kama unatumia simu kwa bluetooth simu iwe juu kabisa na ikwalaiza imezimwa. Halafu multimita kwenye AC kwenye matundu ya spika ya ampu, nikapandisha geini polepole mpaka kufika volti ninazotaka. Hesabu yake ni wati zidisha om, halafu kipeuo cha pili chake. Mimi nataka wati 400 kwa om 2, hiyo ni 800, kipeuo chake 28.3. Nikafika 28 nikaacha. Kuanzia hapo sauti ya redio naishia ile robo tatu, sivuki.

Filta ya chini ya sabufa (inayoruhusu besi tu) weka kwenye 80 hivi, na spika za milangoni zikatwe zisipige chini ya hapo hapo 80. Hili watu hawalifanyi kabisa na ni bure kama redio yako ina hiyo filta! Spika za milangoni za IST zikiacha kuhangaika na besi zinakua safi ajabu, unaweza kupandisha zaidi bila kukwaruza. Kama una boksi la tundu na ampu ina sabsoniki (filta ya kukata sauti za chini mno), iweke Hz tano hivi chini ya tundu, mimi ni 29.

#12 mtu_wa_njia_nrb

Salamu kutoka Nairobi. Nimefunga mziki kwa matatu miaka kadhaa, nimesoma uzi wote na naunga mkono. Niongeze mambo mawili. Kwanza fyuzi kubwa ya waya wa betri ikae karibu na betri, sentimita 45 au chini yake. Hiyo fyuzi hailindi ampu, inalinda gari isiungue waya ukichunika ukagusa bodi. Nimeona watu wameiweka nyuma kando ya ampu, hapo ni kama hakuna fyuzi. Na pale waya unapopita kwa firewall (ukuta wa chuma kati ya injini na ndani ya gari) lazima kuwe na raba, chuma kinakata plastiki pole pole na vile gari inatikisika.

Pili kwa wenye mabasi madogo na malori. Isuzu kama NQR ni volti 24, betri mbili. Kuna mafundi wanatoa 12 kwa betri moja ya hizo mbili ndio wafunge ampu. Usikubali. Hiyo betri moja inachoka na ile nyingine inachajiwa kupita kiasi, zote mbili zinaharibika. Weka kibadilishi cha 24 kwenda 12 chenye ampia za kutosha. Nganya (matatu za mapambo) zenye mziki unadumu zimefungwa hivyo.

#13 dada_probox

Mimi nina redio ya asili iliyokuja na gari toka Japani, haina matundu ya RCA (ya kutoa sauti kwenda kwenye ampu) nyuma. Inabidi niitoe? Naipenda kwa kweli.

#14 fundi_boksi_mwz

Usiitoe dada. Ampu nyingi sasa zina tundu la kuingiza waya za spika moja kwa moja, angalia ubavuni imeandikwa "high input". Kama haina kuna kiboksi kidogo kinageuza umeme wa spika kuwa wa RCA, unachukua waya za spika za nyuma. Ila ujue baadhi ya redio za kiwandani zinapunguza besi zenyewe ukipandisha sauti, kulinda zile spika ndogo. Ukiona besi inapotea kadri unavyoongeza, ujue ni hilo.

Na RCA zipitishe upande mmoja wa gari, waya wa betri upande mwingine. Ukisikia mlio wa nzi unaopanda na kushuka ukikanyaga mafuta, kwa uzoefu wangu anza na ethi kabla ya kitu kingine.

#15 mdundo_ist

Nilisahau jambo la mwisho nalo ni la dakika mbili. Baada ya yote hayo nikaona besi imejaa nyuma lakini pale kwenye siti ya dereva kuna kitobo, midundo ya 70, 80 hivi imepwaya. Nikageuza chanya na hasi za sabufa pale kwenye boksi. Nikarudi kukaa, kitobo kimezibika, besi ikaja mbele kama inatokea kwenye dashibodi. Sabufa ilikua inavuta wakati spika za mlangoni zinasukuma, zinafutana. Kwenye ampu nyingine kuna swichi ya 0 na 180, ni kitu kile kile. Jaribu zote mbili ukiwa umekaa sehemu ya dereva, milango imefungwa, chagua yenye besi nyingi. Na uligeuze boksi, kwenye IST na gari kama hizi ambazo buti haijatengwa na siti sabufa ikitazama nyuma mara nyingi inapiga zaidi kuliko ikitazama siti.

#16 mwana_singeli

Nimetoka gereji sasa hivi. Nimepima kama ulivyosema, ethi inakula volti 1.1. Ilikua kwenye skrubu inayoshika plastiki ya buti jamani, skrubu ya kushikilia urembo! Nimehamishia kwenye chuma, nimepiga msasa, geini nimeshusha, busti sifuri. Sauti imepungua kidogo ila mdundo sasa unausikia kifuani na mkwaruzo umeisha wote. Ila kuna kitu kinatetemeka nyuma mpaka aibu.

#17 mdundo_ist

Safi sana kaka! Hiyo inayotetemeka anza na pleti namba. Ifungue, bandika vipande vya sponji ya gundi nyuma yake, rudisha. Halafu washa toni ya Hz 40 gari imesimama, zunguka nje ukibonyeza kitu kimoja kimoja kwa mkono, mlango wa buti, spoila, taa ya breki ya juu. Ukibonyeza penye tatizo mtetemo unakata hapo hapo.

#18 mwana_singeli

Ni pleti namba kweli. Na spoila.